Pango la Faya na safari ya kale kutoka Afrika

Mwendo wa takriban saa moja kwa gari kutoka Dubai, majumba marefu yakishaachwa nyuma, jangwa la mchanga mwekundu linakatizwa na kilima kirefu cha mawe ya chokaa. Hicho ndicho Jebel Faya, katika eneo la Mleiha, Sharjah. Wageni hupanda ngamia, hupigwa picha mapangoni, kisha hurejea mjini.

Katika ncha ya kaskazini mashariki ya kilima hicho, mwamba umejitokeza mbele mithili ya baraza ya nyumba. Kuanzia mwaka 2003, wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Tübingen cha Ujerumani, wakiongozwa na Hans-Peter Uerpmann, walichimba hapo pamoja na wenzao wa Sharjah, tabaka baada ya tabaka.

Januari 2011 jarida la Science lilichapisha matokeo yao: zana za mawe, yakiwemo mashoka madogo ya mkono, zenye umri wa kiasi cha miaka 125,000. Umri huo ulikadiriwa kwa kupima ni muda gani umepita tangu chembe za mchanga zilizofunika zana hizo zilipoangaziwa na jua mara ya mwisho.

Kilichozusha mjadala si umri pekee. Watafiti hao walisema ufundi wa zana unafanana na ule wa Afrika mashariki na kaskazini mashariki. Kwa maoni yao, watu walivuka mlango-bahari wa Bab el Mandeb wakati maji ya bahari yalipokuwa yamepungua kutokana na enzi ya barafu, na muda si mrefu Arabia ikapata mvua, nyasi na mito. Wataalamu wengi walikuwa wakiamini kwamba safari iliyowafikisha binadamu kote duniani ilianza kiasi cha miaka 60,000 iliyopita. Leo Mkenya anayekwenda kutafuta kazi Dubai hutumia saa tano hivi angani.

Wapo waliopinga, na hoja yao ina uzito: katika tabaka hilo hapakupatikana mfupa hata mmoja wa binadamu, na jiwe halitaji jina la aliyelichonga.

Utafiti wa mwaka 2022 ulizirudisha nyuma zaidi dalili za kuwepo watu Faya, hadi kiasi cha miaka 210,000. Julai 2025, UNESCO iliiandikisha Faya katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ubishi juu ya wachongaji wa zana zile haukumalizwa na uandikishaji huo.