Maneno ya Mezani: Mahjong katika Kikantoni cha Kila Siku

Mahjong ni mchezo wa watu wanne, wenye kete 144 zikihesabiwa na zile 8 za maua na misimu. Kila mchezaji hushika kete 13, na anayepata ya 14 inayokamilisha seti zake ndiye mshindi. Hong Kong, Makau na mkoani Guangdong huchezwa majumbani, harusini na wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina, na maneno yake yamezoeleka hata kwa wasiojua kupanga kete.

Kushinda ni sik wu, yaani "kula wu", wu ikiwa ni kete zilizokamilika kwa ushindi. Aliyefanikisha dili husemwa kala wu, kama Mtanzania asemavyo fulani kalamba dume, msemo uliotoka kwenye karata. Gai wu, "wu ya kuku", ni ushindi wa alama kiduchu. Lakini maneno ya mikosi ndiyo yenye ladha zaidi.

Chukua ja wu. Mchezaji analaza kete zake mezani akitangaza ushindi; wenzake wanazikagua na kukuta seti moja haijatimia. Kwa kawaida huwalipa wote watatu, na aibu juu. Mtaani, ja wu ni shangwe iliyowahi mno. Bao likifungwa, mashabiki wakaruka, kisha mwamuzi akalikataa, hiyo ni ja wu.

Jit wu imetokana na kanuni ya zamu: kete iliyotupwa ikiwafaa wawili, huichukua aliye karibu zaidi kwa zamu na aliyeitupa, na mwenzake hubaki ameduwaa. Ndivyo isemwavyo klabu inapomnyakua mchezaji aliyekaribia kusaini kwingine, au mtu anapopokonywa kazi aliyodhani keshaipata.

Cheut chung ni kutupa kete inayompa mwenzako ushindi. Mtupaji hulipa zaidi ya wengine. Seung gung ni aliyejikuta na kete pungufu au za ziada: hawezi tena kushinda mkono huo, ila lazima aendelee kucheza hadi uishe. Sijui adhabu nyingine ya mezani inayochosha kama hiyo.

Saam kyut yat, "watatu, kasoro mmoja", ni mwito wa kumtafuta mchezaji wa nne, na hutumika pia kundi lolote linapopungukiwa na mtu.

Haya yote ni maneno ya maskani, si ya barua rasmi. Anayejifunza Kikantoni na aanze na ja wu. Akitazama mpira na Wahongkong, hatakawia kulisikia.