Haki ya Kuchagua Kitabu

Wazee wetu husema, Mchagua nazi hupata koroma. Methali hiyo humwonya mtu apekuaye mno, kwamba huenda mwisho akaambulia kilicho duni. Ni maneno ya hekima. Lakini mwanafunzi asimamaye mbele ya kabati la vitabu darasani asiyafanye kisingizio cha kuchukua chochote kilicho karibu na mkono wake. Nafasi aliyo nayo ya kuchagua haikuwako sikuzote. Ina historia yake, na yafaa aijue.

Kusoma si jambo geni kwetu. Kabla ya shule za wageni, watu wa pwani walikuwa na tenzi zao, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu na kusomwa majumbani. Lakini shule za misheni zilipoanza, vitabu vilichaguliwa na waliozianzisha, na hasa vilikuwa Biblia, sala na nyimbo za dini. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika ya Mashariki, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuvikagua na kuviidhinisha vitabu vya shule. Katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, alishiriki kutafsiri hadithi za Kiingereza, kama vile Mashimo ya Mfalme Sulemani na Safari za Gulliver.

Hadithi hizo zilipendwa, wala hatuna sababu ya kuzidharau. Hata hivyo, tutazame jambo moja. Katika Mashimo ya Mfalme Sulemani, ni Mwingereza aisimuliaye safari ya kwenda kutafuta hazina katika Afrika. Basi kijana wa Kiafrika aliyekisoma kitabu hicho aliliona bara lake kwa macho ya mgeni. Mwaka 1934 kikatokea kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kisimuliacho habari za watu waliookolewa utumwani na kukaa Frere Town karibu na Mombasa. Hapo mwenyeji alisimulia habari za watu wake mwenyewe. Lakini hata yeye aliwasifu Waingereza kwa wingi. Kwa hiyo, kitabu kuandikwa na mwenzetu si sababu ya kuacha kukipima.

Mwaka 1948 East African Literature Bureau ilianzishwa, makao yake makuu yakiwa Nairobi. Ilichapisha vitabu, ikaazimisha vingine kwa njia ya posta na kwa masanduku yaliyopelekwa mbali na miji. Pia ilifanya mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili. Katika mashindano ya mwaka 1957 na 1958 Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipata ushindi kwa hadithi yake ya upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Kikawapo basi kitabu cha kusomwa kwa furaha, ambacho mpelelezi wake, Bwana Msa, ni mtu wa kwetu. Mwaka 1965 Kenya ilitunga sheria ya kuanzisha maktaba za taifa, na mlango ukazidi kufunguka.

Sasa mlango u wazi, na aingiaye ni wewe. Ufanyeje? Kwanza, usidanganywe na jalada. Fungua ukurasa wa katikati, usome wote kwa utulivu. Ukikuta neno moja au mawili usiyoyajua, endelea; maana yake utaipata katika habari yenyewe. Ukikwama katika kila mstari, kirudishe bila haya. Koroma likiachwa mnazini huwa nazi. Na kitabu kinachokushinda mwaka huu huenda kikawa rafiki yako mwakani. Tena, usichukue kila mara kilicho chepesi kwa sababu tu mwenzako amekimaliza upesi. Mguu usiopanda kilima hauzoei kilima.

Pili, jiulize unapenda kujua nini: bahari, wanyama, vita vya kale, mashine, maisha ya watu? Apendaye habari fulani huvumilia maneno magumu ambayo mwingine hawezi kuyavumilia. Tatu, jiulize ni nani asemaye katika kitabu hicho, na ni nani ambaye hakupewa nafasi ya kusema. Swali hilo ndilo tunalofundishwa na miaka tuliyoitaja.

Mwalimu aweza kukuonyesha njia, na mwenzako aweza kukusifia kitabu chake. Wasikilize wote wawili. Lakini asiyejichagulia vitabu akiwa shuleni, akisha kutoka shuleni huacha kusoma, maana hapana tena wa kumwekea kitabu mkononi. Vizazi vilivyotutangulia vilisoma walivyopewa, na wachache miongoni mwao wakaandika walivyovikosa. Deni letu kwao ni kusoma kwa hiari, na kuchagua kwa akili.