Koltani ya Masisi na Matumaini ya Wachezaji, 2000–2001

Mashabiki wa michezo ya video aghalabu hujadili mifululizo waipendayo na matoleo wanayoyatumainia. Ni nadra kujadili ardhi iliyochangia kuyawezesha. Mwaka 2000 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa mashine ya PlayStation 2. Wapenzi wa Final Fantasy na Gran Turismo walingojea matoleo mapya, yakatoka mwaka 2001.

Mashine hizo, kama simu za mkononi, zilihitaji tantali, metali itokanayo na koltani. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei yake ilipanda mara kadhaa, kwa sababu ya mahitaji ya viwanda pamoja na ulanguzi. Huko Masisi, Kivu ya Kaskazini, uliko mji mdogo wa Mweso na yaliko machimbo ya Rubaya, wakulima wengi waliacha mashamba wakaenda kuchimba. Kundi la RCD-Goma, lililotawala wakati huo kwa silaha, likajitafutia mapato katika biashara hiyo. Mwaka 2001 bei ikaporomoka.

Mashabiki walipata walichongojea. Vita viliendelea Masisi. Kwa hiyo, historia ya michezo hiyo haina budi kuanzia pia machimboni.