Mbio za Ridhaa

Msomaji, katika lugha yetu mwanamichezo asiyelipwa huitwa mwanamichezo wa ridhaa. Ridhaa ni kukubali kwa moyo pasipo kushurutishwa. Neno hili ni zuri, lakini wengi wetu hulitamka bila ya kulitia maanani. Nataka tulitazame pamoja leo, maana historia ya mbio katika nchi yetu haieleweki vema kwa mtu asiyelielewa neno hilo.

Sababu ya kuandika insha hii ni swali la mwanafunzi. Kiboko ni kituo kidogo kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, kati ya Emali na Makindu, katika Kaunti ya Makueni. Migunga ya manjano imesimama kando ya maji ya chemchemi, na asubuhi, kabla ya joto kuleta ukungu wake wa vumbi, milima ya Chyulu huonekana wazi upande wa kusini magharibi. Kila Jumamosi alfajiri watu wachache wa hapa hukutana na kukimbia: walimu wawili watatu, mwenye duka, fundi wa baiskeli, na wanafunzi. Hatukimbii juu ya lami, kwa kuwa malori ya Mombasa hayana subira na mtu wa miguu. Twafuata njia ya vumbi. Tulianza na kilomita tatu, tukapumzika mara nne. Baada ya miezi kadha tulikuwa tukienda kilomita kumi pasipo kusimama. Haba na haba hujaza kibaba.

Kijana mmoja wa kidato cha pili alikuwa akitutangulia daima. Basi alikwenda mashindanoni, akawa wa kumi na moja, akarudi bila ya cheti wala kikombe. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile ya pili. Nilipomwuliza, alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, nyumbani wameniuliza mbio hizi zinalipa nini, nami sikuwa na jibu." Kusema kweli, siku ile mimi pia sikuwa nalo. Nilimwambia maneno machache juu ya afya, akaitikia, akaenda zake. Nilijua kuwa sikumjibu. Ninayoandika sasa ni jibu lililochelewa.

Tuanze na marathoni yenyewe, mbio zinazotamaniwa na kila akimbiaye mwishoni mwa juma. Mbio hizo zilifanywa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki ya Athens mwaka 1896, kwa kumbukumbu ya hadithi ya kale ya tarishi aliyekimbia kutoka uwanja wa vita wa Marathon kupeleka habari za ushindi. Umbali ulikuwa kiasi cha kilomita 40. Aliyeshinda ni Spiridon Louis, Mgiriki aliyekuwa akichukua maji na kuyauza mjini. Alimaliza kwa muda wa saa 2, dakika 58 na sekunde 50. Hapa Ukambani, ambako watoto wengi wameufahamu uzito wa mtungi wa maji kabla ya kuufahamu uzito wa kalamu, yafaa tukumbuke kuwa bingwa wa kwanza wa marathoni alikuwa mchukuzi wa maji.

Mwaka 1908, katika Michezo ya London, njia ilianzia katika jumba la kifalme la Windsor na kuishia uwanjani, nayo ikawa maili 26 na yadi 385, yaani kilomita 42 na mita 195. Mwaka 1921 kipimo hicho kilifanywa kuwa sheria ya dunia nzima. Ukitaka kukifahamu kwa miguu yako, toka Kiboko, upite Makindu, uendelee mpaka ukaribie Kibwezi. Hapo utakuwa umeonja urefu wake.

Sasa tuitazame ile sheria ya ridhaa, maana ilikuwa na sura mbili. Sura moja ilikuwa nzuri: mtu acheze kwa kuupenda mchezo, asiufanye biashara. Sura ya pili ilikuwa mbaya. Katika karne ya 19 vilabu vingine vya Uingereza viliwakataza mafundi na vibarua kushindana na mabwana wenye nafasi, eti kwa kuwa watu hao walifanya kazi kwa mikono. Hata baada ya ubaguzi huo kuondoka, kanuni ilibaki kali. Paavo Nurmi wa Finland, mshindi wa medali tisa za dhahabu za Olimpiki, alitaka kukimbia marathoni huko Los Angeles mwaka 1932. Alizuiwa, kwa madai kuwa alikuwa amepokea fedha za safari kupita kiasi. Msomaji, pima mwenyewe: tajiri aliweza kukimbia bure maisha yake yote, lakini maskini alilazimika kuchagua baina ya mbio na mkate wake.

Wakimbiaji wa kwanza mashuhuri wa Kenya walitokea chini ya sheria hiyo. Chama cha riadha cha ridhaa cha Kenya kiliundwa mwaka 1951, wakati nchi ikitawaliwa na Waingereza, na mbio zilikua katika shule, jeshi, polisi na magereza. Mwezi wa Julai 1954 vijana wawili walisimama katika uwanja wa White City, London. Lazaro Chepkwony alikimbia maili sita bila ya viatu, akiongeza mwendo na kuupunguza hata wenzake wakashangaa. Aliumia akaacha kabla ya mwisho. Nyandika Maiyoro, mzaliwa wa Kisii, alikimbia maili tatu akawa wa tatu, nyuma ya Waingereza wawili walioivunja rekodi ya dunia siku ile. Mwezi uliofuata, mjini Vancouver, Maiyoro akawa wa nne. Mwaka 1956 Kenya iliingia katika Olimpiki mara ya kwanza, huko Melbourne. Yeye akawa wa saba katika mita 5,000. Mwaka 1960, mjini Rome, akawa wa sita.

Nakuomba uzisome tena nafasi hizo: wa tatu, wa nne, wa saba, wa sita. Hapana dhahabu hata moja. Lau Maiyoro angaliulizwa nyumbani mbio hizo zinalipa nini, naye akakosa jibu akaacha, je, ni nani angaliwaonyesha waliofuata kuwa Mwafrika wa Kenya aweza kusimama na wakimbiaji bora wa dunia?

Katika michezo hiyo ya Rome, Abebe Bikila, askari wa walinzi wa mfalme wa Ethiopia, alishinda marathoni akiwa miguu mitupu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mlango ulikuwa umefunguka. Mwaka 1964, mjini Tokyo, Wilson Kiprugut, aliyekuwa mwanajeshi, aliipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800. Mwaka 1968, mjini Mexico, Naftali Temu, mwanajeshi, alileta dhahabu ya kwanza, ya mita 10,000. Na Kipchoge Keino, afisa wa polisi, alishinda mita 1,500 hali akisumbuliwa na maradhi. Watu hawa walikula mshahara wa kazi zao. Mbio zilikuwa za moyo.

Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1982 wakuu wa riadha duniani waliruhusu malipo ya wanariadha kuwekwa katika mfuko maalumu, na mwaka 1986 mbio za Boston zilianza kutoa zawadi za fedha. Mwaka 2001 chama cha riadha cha dunia kililiondoa neno la ridhaa katika jina lake. Sheria ile ya zamani ikafa, na mimi siililii, maana ilimwonea mnyonge.

Wakati huo ndipo majina ya Ukambani yaliposikika. Mwaka 1983 Joseph Nzau alishinda marathoni ya Chicago, akimpita Mwingereza Hugh Jones kwa chini ya sekunde moja. Benson Masya wa Kitui, aliyeanza kama mpiganaji wa ngumi, aliziacha glovu akawa bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 1992, mara ya kwanza ubingwa huo kushindaniwa. Cosmas Ndeti wa Machakos alishinda Boston miaka mitatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995, na jina la mji huo akampa mwanawe. Mwaka 2011, mjini Berlin, Patrick Makau, naye wa upande wa Machakos, aliivunja rekodi ya dunia ya marathoni kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Wala wanawake hawakubaki nyuma: mwaka 1994 Tegla Loroupe alishinda marathoni ya New York, Mwafrika wa kwanza mwanamke kufanya hivyo.

Habari hizi zatupa fahari, lakini zimetuzalia kosa moja. Tumeona zawadi za mabingwa, tukadhani kuwa zawadi ndiyo mbio. Mzazi humtazama mtoto akimbiaye kama mtu atazamaye mbegu aliyonunua: isipozaa msimu wa kwanza, huing'oa. Sheria ya ridhaa imekufa, na vema. Lakini tusiizike ridhaa ya moyo pamoja nayo. Masya hakujua alipoanza kuwa atakuwa bingwa wa dunia. Hakuna ajuaye. Kila bingwa alikimbia kwanza siku nyingi ambazo hazikumlipa kitu, na kama hakuziridhia siku hizo, hakuzifikia nyingine.

Baada ya kijana yule kutuacha, niliona haya kusema nisilolijua. Nikajiandikisha katika mbio za Nairobi, ambazo tangu mwaka 2003 huwakusanya mabingwa na raia wa kawaida siku moja. Nilijizoeza miezi sita. Hata hivyo nilifanya makosa ya mgeni. Kiboko iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na Nairobi iko karibu mita 1,700. Hewa ya huko ni nyepesi, nami sikuijali. Nilitoka kwa kasi pamoja na vijana, nikifurahia makofi ya watu. Kilomita 20 za kwanza nilijiona shujaa. Lakini akiba ya sukari katika misuli na ini hukaribia kwisha baada ya kilomita 30 hivi, na mtu aliyeitumia kwa pupa huishiwa mapema. Yangu iliisha. Miguu ikawa kama magogo. Nikatembea, na mama mmoja mwenye mvi akanipita polepole, akaniambia, "Pole mwanangu, usikae chini." Sikukaa. Mwenda pole hajikwai, nami nilijifunza methali hiyo upya nikiwa na miaka zaidi ya thelathini.

Nilimaliza kwa saa 4 na dakika 51. Washindi walikuwa wamekwisha kuoga na kwenda zao. Wafagiaji walikuwa wakikusanya vikombe vya karatasi. Hakuna aliyeniuliza jina langu, na nauli ya kurudi niliitoa mfukoni mwangu. Lakini nilipokuwa katika gari, nikiipita Emali katika giza, nilitambua kuwa sikuwa na huzuni hata kidogo. Nilikuwa nimetimiza ahadi ambayo hakuna mtu aliyenidai. Hapo nikalipata jibu.

Jumatatu kijana yule alinijia mlangoni mwa darasa. Aliuliza, "Mwalimu, ulikuwa wa ngapi?" Nikamwambia kweli: sikujua, ila waliokuwa mbele yangu walikuwa wengi kuliko wakazi wote wa Kiboko niwajuao. Akacheka. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na utarudi tena?" Nikamjibu kuwa nitarudi, na kwamba Jumamosi tungekutana saa kumi na mbili asubuhi, kama desturi.

Alikuja. Siku ile hakukimbia. Alichukua dumu la maji akatungoja penye mgunga, mahali tunapogeukia. Jumamosi ya pili alifanya vivyo hivyo. Ya tatu aliliweka dumu chini, akavua viatu, akaingia njiani pamoja nasi. Sijui kama siku moja jina lake litaandikwa pamoja na la Nzau na la Makau, wala simkimbizi kwa sababu hiyo.

Nawe msomaji, hapana lazima uwe mkimbiaji. Labda moyo wako umeelekea kwenye kuimba, au kuchora, au kulima shamba dogo la mboga, au kusoma nyota. Watu watakuuliza jambo hilo linalipa nini, na swali lao si baya. Jembe na karo havinunuliwi kwa furaha. Wajibu kwa heshima, fanya kazi zako za nyumbani na za shule, kisha urudi kwenye njia yako ya vumbi. Malipo yakija, yapokee kwa mikono miwili. Yasipokuja, utakuwa umekwisha kupata kile ambacho Maiyoro alikipata kwa nafasi ya nne na ya sita: umejua mwisho wa nguvu zako uko wapi, na umewaachia njia iliyokanyagwa wale wajao nyuma yako.