Nani Ajibu kwa Ajili ya Rosa?

Fasihi ya Kiswahili ilimnasihi msichana muda mrefu kabla ya kumsikiliza. Mwana Kupona binti Msham alipomtungia binti yake utendi wake maarufu, karibu na mwaka 1858, alikuwa mgonjwa na alitaka kumwachia usia wa kuishi vyema na Mola wake, mumewe na watu. Karne iliyofuata Shaaban Robert naye akamtungia bintiye Mwanjaa Utenzi wa Hati. Ni tungo za mapenzi makubwa, lakini katika zote mbili mzazi ndiye msemaji na binti ndiye msikilizaji. Msomaji aliyelelewa na tungo hizo alizoea kwamba kitabu kikiwa na msichana, basi humo mna funzo la kumpa msichana.

Mazoea hayo yalikumbana na riwaya ya Rosa Mistika mwaka 1971. Mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi, alikuwa kijana wa Namagondo, Ukerewe, aliyepitia Seminari ya Nyegezi kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitabu kilichapishwa na East African Literature Bureau, na jina lake tu lilitosha kumshtua Mkatoliki, maana ni mojawapo ya majina anayoitwa Bikira Maria katika litania. Humo ndani, mwenye jina hilo anatoka kijijini, anasoma shule ya wasichana Mwanza, anaendelea na chuo cha ualimu Morogoro, anapita mikononi mwa wanaume, anatoa mimba, na mwishowe anajiua.

Lakini hadithi haianzii kwa wanaume hao. Inaanzia nyumbani, kwa Zakaria, baba mlevi anayetumia ukali kana kwamba ndio malezi. Rosa anapata barua kutoka kwa kijana anayeitwa Charles. Baba anaigundua, na kinachofuata ni kipigo. Hakuna anayeketi na binti kumuuliza anaonaje, wala kumweleza chochote kuhusu mwili wake, mapenzi au wanaume. Anachojifunza siku hiyo ni kuogopa. Anapofika mahali ambapo fimbo ya baba haifiki, hana kinga nyingine yoyote. Na Kezilahabi hamwachi Zakaria aponee hapo: mwishoni mwa kitabu, baada ya kifo, baba na binti wanasimama mbele ya Mungu, kila mmoja akitoa hoja zake. Kwa kadiri ninavyojua, hakuna riwaya ya Kiswahili iliyotangulia iliyothubutu kumweka mzazi kizimbani namna hiyo.

Jibu la kwanza la wakubwa lilikuwa marufuku. Kitabu kiliondolewa shuleni kwa hoja kwamba kinazungumza mambo ya ngono waziwazi na kingeharibu vijana. Hali ya wakati ule inasaidia kueleza ukali huo. Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa miaka minne tu, na Taifa lilitaka vitabu vya kujenga. Muongo huohuo Tanzania ilipiga marufuku pia vitabu vya David Maillu wa Kenya, vilivyokuwa vikinunuliwa kama njugu Nairobi. Hata wahakiki waliokuwa tayari kumtetea Kezilahabi walinung'unika kwamba anakata tamaa na haonyeshi njia. Wenye maadili walimwona anavunja adabu, wenye siasa wakamwona anavunja moyo. Pande zote mbili zilimsoma kama mtoa nasaha aliyetoa nasaha mbaya, na wachache walishughulika na mashtaka aliyoyaleta.

Marufuku haikukiua kitabu. Baadaye kiliruhusiwa shuleni na kikawa miongoni mwa riwaya zinazofundishwa sana. Isitoshe, mlango alioupiga teke Kezilahabi haukufungika tena. Ndyanao Balisidya alitoa Shida mwaka 1975, akiwaonyesha vijana wa kijijini wanavyopokewa na Dar es Salaam. Mwaka uliofuata Mohamed Suleiman Mohamed wa Zanzibar akaleta Nyota ya Rehema, ambamo binti aliyenyimwa haki na watu wake mwenyewe anafikia kuuza mwili mjini. Mwaka 1980 Said Ahmed Mohamed akachapisha Utengano, na hapo mji ukaonyeshwa bila pazia: Maimuna anatoroka nyumba ya babake, Bwana Maksuudi, mwanasiasa aliyewafungia wanawake wake ndani, na anaangukia kwa Mama Jeni, kwenye ulevi na biashara ya mwili. Ukiziweka riwaya za Rosa, Rehema na Maimuna pamoja, utaona kwamba mji hauanzishi maafa ya hata mmoja wao. Mji unamalizia kazi iliyoanzia nyumbani.

Utengano ulipata wasomaji wa aina nyingine kabisa pale ulipofanywa kitabu cha lazima kwa watahiniwa wa sekondari nchini Kenya. Maimuna akaingia darasani, na pembeni yake ukakaa mwongozo, kile kijitabu cha maswali na majibu ambacho wanafunzi wengi hukifungua kabla ya riwaya yenyewe. Katika mwongozo maisha ya mtu hupangwa kwa vichwa: maudhui, sifa za wahusika, mbinu za lugha. Maimuna huandikiwa sifa zake kwa mafungu, ni mtoro, ni mlevi, ni mwenye majuto, na kila sifa na mfano wake. Mwanafunzi hukariri, hujibu, hupata alama. Ilikuwa heshima kubwa kwa riwaya kusomwa na maelfu ya vijana, lakini swali chungu la Utengano, kwamba binti hutoroka nini, liligeuzwa hoja ya alama mbili.

Nje ya darasa walikuwapo wasomaji ambao hakuna aliyewatahini. Ben Mtobwa, aliyekuwa pia mchapishaji kupitia kampuni ya Heko, alitoa Dar es Salaam Usiku mwaka 1990, na Rukia, binti anayeishi kwa uzuri wake katika jiji lisilolala, akapata wapenzi kuanzia vijiwe hadi mabasi ya mikoani. Wasomi waliziita kazi za aina hiyo riwaya pendwa na wengi wao wakazidharau. Baadaye magazeti ya udaku yakachukua kazi hiyo kwa hadithi za kila wiki, zinazokatwa pale roho inapokuwa juu. Msomaji wa namna hii hakuhitaji mwongozo kumjua Rukia. Alimjua kwa sababu amepanga naye nyumba moja, au ni dada yake, au ni yeye mwenyewe. Alimhurumia na kumlaumu katika ukurasa uleule, na nadhani alikuwa karibu na ukweli kuliko waliomhukumu kutoka ofisini.

Nje ya vitabu, swali la Kezilahabi, la nani awajibike kwa yanayompata binti, limepata majibu kwa mwendo wa kobe. Kwa miongo mingi nchini Tanzania mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule, na mara nyingi aliyempa mimba aliendelea na shughuli zake. Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa ili anayempa mimba mwanafunzi aweze kufungwa hadi miaka 30. Novemba 2021 Serikali ikatangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi. Ni nusu karne tangu Rosa Mistika ichapishwe. Na hofu ya vitabu ingalipo: Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 vya watoto shuleni kwa hoja ya maadili, hoja ileile ya miaka ya 1970.

Kezilahabi alifariki Januari 2020. Mwaka 2025 Rosa Mistika ilitoka kwa Kiingereza kupitia Yale University Press, katika tafsiri ya Jay Boss Rubin, na sasa wasomaji wa mbali wanagombana na Zakaria kwa mara ya kwanza. Sisi tumekuwa naye muda wote huo, na mara nyingi tumemwachia atoke mahakamani bila kujibu lolote. Mzazi au mwalimu anayetaka kumnyang'anya binti kitabu cha namna hii ana haki ya kukihofia. Naomba tu kwanza akisome mwenyewe mpaka mwisho, kisha ajiulize ni mhusika yupi anayefanana naye.