Elektrodi
Neno hili ni la ngeli ya i-/zi-: elektrodi hii, elektrodi hizi. Kijiti cha fundi anayechomelea mageti Makambako ni elektrodi. Kibandiko cha kifuani mgonjwa anapopimwa moyo Njombe, nacho ni elektrodi. Cha fundi hupeleka umeme kwenye chuma. Cha mgonjwa huupokea kutoka mwilini, nao ni mdogo mno, kama milivolti 1. Willem Einthoven, mshindi wa Nobeli ya mwaka 1924, alipopima umeme wa moyo aliwatumbukiza watu mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi. Siku hizi kazi ya maji hayo, kupitisha umeme, hufanywa na jeli ya kibandiko, ila hukauka, na gundi yake huweza kuumiza ngozi, hasa ya wazee. Mimi naitetea elektrodi ile ya kubana kifundo cha mkono: husafishwa, ikatumika tena, bila kumng'oa mtu vinyweleo.