Jumapili Ufaransa: Siku Kwanza, Mji Baadaye

Wageni ninaowatembeza Ufaransa, wengi wao kutoka Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, huja na orodha ndefu ya miji bila kufikiria siku za wiki. Mimi hupanga kinyume: siku kwanza, mji baadaye. Jumatano popote utapokelewa. Jumapili ina wenyewe. Ukiingia mji usiofaa saa tisa alasiri, utakuta mageti ya maduka yameshushwa, na mkahawa pekee ulio wazi unakwambia jiko limeshafungwa. Shangazi yangu, niliyempitisha mji wa namna hiyo, alitazama barabara nzima akaniuliza, "Mwanangu, hawa watu wamehamia wapi?"

Hawajahama, shangazi. Wako ndani, bado wanakula. Nilimweleza njiani kwamba ukitaka kujua pa kwenda Jumapili katika nchi hii, jua kwanza siku hiyo imegombaniwa vipi.

Wanamapinduzi waliwahi kuifuta kabisa. Mwaka 1793 walitunga kalenda yao yenye juma la siku kumi, na mapumziko yakawa siku ya kumi. Mtu aliyezoea kupumzika baada ya siku sita sasa alitakiwa kungoja tisa. Kalenda hiyo haikupendwa, na kufikia tarehe 1 Januari 1806 ilikuwa imeachwa rasmi. Wafalme waliporudi madarakani, sheria ya mwaka 1814 iliamuru kazi na biashara zisimame Jumapili kwa heshima ya ibada. Wanajamhuri nao wakaifuta mwaka 1880, kwa kuwa hawakutaka Kanisa lishike funguo za maduka. Hapo Kanisa lilishindwa kweli, lakini aliyeumia ni muuzaji wa dukani, ambaye tajiri wake sasa angeweza kumfanyisha kazi siku zote saba bila kuvunja sheria yoyote.

Kwa miaka mingi wauzaji hao walidai siku yao. Mapadri waliitaka kwa ajili ya misa, vyama vya wafanyakazi kwa ajili ya mapumziko, madaktari kwa ajili ya afya. Kisha, alfajiri ya Jumamosi tarehe 10 Machi 1906, mgodi wa makaa ya mawe wa Courrières, karibu na Lens huko kaskazini, ulilipuka. Watu 1,099 walikufa, wakiwemo vijana wadogo. Siku 20 baadaye, wakati walio juu walikuwa wamekwishakata tamaa, wanaume 13 walijitokeza wenyewe kutoka gizani. Walikuwa wameishi kwa makombo ya chakula cha wenzao waliokufa na nyama ya farasi wa mgodini. Hasira ilizaa migomo, na migomo ikaitia serikali hofu. Tarehe 13 Julai mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kumpa kila mfanyakazi wa kiwanda na duka saa 24 za mapumziko mfululizo, siku ya Jumapili.

Sheria hiyo iliacha milango kadhaa wazi, na hiyo milango ndiyo ramani yangu. Hoteli na mikahawa iliruhusiwa kufanya kazi. Maduka ya chakula yaliachiwa asubuhi: zamani mwisho ulikuwa saa sita, na tangu mwaka 2009 ni saa saba mchana. Ndiyo maana Jumapili ya Kifaransa huchangamka kabla ya adhuhuri. Foleni ya mkate hufika barabarani. Kuku wanazunguka kwenye mtambo wa kuchomea, mafuta yakidondokea viazi vilivyopangwa chini yao. Baba wa familia anavuka barabara ameshika kiboksi cha keki kwa uzi, mkono umenyooka kama abebaye mayai. Mpeleke mgeni wako saa nne asubuhi, ataipenda nchi.

Mji ninaoutaja kwanza ni L'Isle-sur-la-Sorgue, karibu na Avignon. Gulio lake la Jumapili hufuata kingo za mto: jibini, mizeituni, vitambaa, huku magurudumu makubwa ya mbao yaliyowahi kuendesha viwanda vya sufu na hariri yakizunguka taratibu, yamefunikwa na kuvumwani ya kijani. Tangu miaka ya 1960 wauza vitu vya kale wamehamia hapo kwa wingi, na Jumapili ndiyo siku yao kubwa.

Aliye Paris namwelekeza Saint-Ouen, nje kidogo ya jiji. Soko lake la vikuukuu lilianzishwa na waokota taka waliosukumwa nje ya Paris, hasa baada ya Prefekti Eugène Poubelle kuamuru mwaka 1883 kwamba taka za nyumbani ziwekwe kwenye mapipa yenye vifuniko. Waliohesabiwa kuwa uchafu wa jiji leo wamerithiwa na wafanyabiashara wanaouza kiti kimoja kwa bei ya gari.

Mwenye kupenda muziki na mto namtuma Joinville-le-Pont au Nogent, kando ya Marne. Mabaa ya dansi ya nje ya Paris yalishamiri kwa sababu divai ilikwepa ushuru wa kuingilia jijini. Reli ya kutoka Bastille ilipofunguliwa mwaka 1859, mafundi na washonaji wakapata njia ya kufika Marne na kurudi siku hiyohiyo.

Strasbourg nawaambia waende kwa makumbusho, si kwa ununuzi. Alsace, eneo ulimo mji huo, ilikuwa chini ya Ujerumani kuanzia mwaka 1871 hadi 1918, na iliporudi Ufaransa ilibaki na sheria zake kadhaa za Kijerumani, zikiwemo za Jumapili, ambazo ni kali zaidi. Kwingineko, sheria ya mwaka 2015 iliwapa mameya uwezo wa kufungua maduka hadi Jumapili 12 kwa mwaka, na maeneo ya watalii ya Paris yakapata uhuru mkubwa zaidi.

Lakini mgeni akinipa Jumapili moja tu, nampeleka Lens. Kwenye ardhi ya mgodi wa zamani kumesimama, tangu Desemba 2012, tawi la jumba la makumbusho la Louvre, nalo hufungwa Jumanne. Kilomita chache kutoka hapo, Méricourt, kuna kaburi la pamoja la wafu wa Courrières ambao miili yao haikutambulika. Anayelalamika kwamba Wafaransa wanafunga mapema mno apite hapo kwanza. Halafu aangalie ratiba ya treni ya kurudi, maana za Jumapili ni chache.